Chachu ya Dejid

Chachu ilikufa mwezi wa pili, na aliyeiua ni Norjmaa mwenyewe.

Haikufa kwa baridi. Kila mwaka mtindi wa mwisho wa vuli, ndio chachu yenyewe, uliachwa ugande kuwa barafu katika chombo cha mbao, ukafungwa ngozi ya kondoo na kukaa hemani, upande wa wanawake, mbali na jiko, hadi ng'ombe wazae. Kijiko kimoja cha barafu ile kikitiwa katika maziwa ya uvuguvugu, asubuhi kulikuwa na mtindi. Dejid, mama mkwe wake, alikuwa amefanya hivyo kwa miaka hamsini na sita, na kabla yake mama mkwe wa Dejid.

Lakini mwaka ule theluji iliyeyuka kidogo, ikaganda tena, malisho yakafunikwa na barafu ngumu kama kioo. Mifugo ikafa imesimama. Kondoo waliobaki walizaa kabla ya wakati, naye Norjmaa akaingiza wanakondoo kumi na mmoja hemani. Ili kupata nafasi, alikisogeza chombo karibu na jiko la chuma. Jiko liliwaka siku tatu bila kupoa. Alipokumbuka, ngozi ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza kiganja, na ndani mlikuwa na maji ya manjano juu ya chembe ngumu.

Wanakondoo saba walikufa hata hivyo.

Hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa ameswaga farasi waliobaki kusini kutafuta majani. Dejid alikuwa kitandani. Tumbo lake lilikuwa limekataa nyama tangu mwaka mpya, na mchuzi ulimtosha kupumua tu. Mwezi wa tano ng'ombe wawili waliosalimika walizaa.

"Sasa nitapata mtindi wangu," Dejid alisema. "Nikipata huo nitakaa. Nisipoupata, mtanizika kabla ya majani kurefuka."

Maziwa matamu, yaani yasiyochachuka, hayakukaa tumboni mwake. Norjmaa alijaribu kumpa vikombe viwili. Usiku kucha bibi alikuwa juu ya ndoo, na asubuhi macho yalikuwa yamedidimia. Basi Norjmaa alipanda pikipiki hadi makao makuu ya wilaya, akanunua mtindi wa paketi na kuutumia kama chachu. Siku ya kwanza maziwa yaliganda vizuri. Siku ya pili yalikuwa mepesi. Siku ya nne yalivutika kama makamasi. Bibi alionja, akarudisha bakuli.

Bonde zima lilikuwa limebaki na hema moja jingine. Wengine walikuwa wameuza ngozi na kuhamia mjini. Norjmaa alimkuta jirani yake Tsend akianika samadi ya kuwashia moto.

"Dada Tsend, nimekuja kuomba chachu kidogo."

Tsend alimtazama, kisha akacheka bila furaha. "We Norjmaa, unanitania? Mimi nikupe chachu?"

"Yetu imeharibika."

"Na yangu iliharibika vuli. Nikaja kwenu na bakuli langu. Mama mkwe wako akaniambia jua limezama, cheupe, kitu cha maziwa, hakitoki nje ya hema jua likizama, njoo kesho. Kesho yake mkahama kambi. Nije wapi? Kwenye majivu yenu?"

"Sikujua kwamba hukupata kwingine."

"Hukuuliza. Sisi tunakunywa chai ya maziwa ya kopo kama watu wa mjini. Nikupimie ya kopo?"

Norjmaa alirudi mikono mitupu. Kila mtu aliyewahi kupata chachu ya Dejid alikuwa ameondoka au ameipoteza. Akabaki mmoja.

Kiangazi kilichopita alikuja mtafiti kutoka mji mkuu, msichana aitwaye Khongorzul, akawatemesha mate kwenye vichupa ili ayapime. Akaeleza kwamba mtoto akishaachishwa ziwa, miili ya wengi wao huacha kutengeneza kile kinachovunja sukari ya maziwa. Kuna watu wa mbali ambao miili yao ilibadilika, ikaendelea kukitengeneza hadi uzeeni. Wafugaji wa huku walikuwa wamefuga kwa miaka elfu tano bila kubadilika. Chachu ndiyo ilikula sehemu kubwa ya sukari ile, ndani ya chombo, kabla mtu hajanywa.

"Binti," Dejid alisema, "umesafiri siku mbili kuja kuniambia kwamba siwezi kunywa nilichokunywa maisha yangu yote?"

"Nimekuja kujua unawezaje, bibi."

"Basi ungeanza kwa kunywa."

Watu walicheka. Dejid alimpa kijiko kimoja cha chachu, mchana kweupe, naye Khongorzul akarudisha bakuli likiwa na peremende ndani, maana bakuli halirudishwi tupu.

Norjmaa alipanda kilima chenye mtandao, akapiga.

"Ile chachu? Ipo, dada!" Khongorzul alisema. "Tumeihifadhi kwenye friji."

Norjmaa akakaa chini kwenye mawe. "Nitumie kidogo. Hata tone."

Khongorzul alishusha sauti.

"Dada, niliitia kwenye spiriti siku ileile, pale pale kwenu. Ndivyo tunavyofanya ili isioze njiani. Tulihitaji kuisoma tu. Naweza kukutumia majina ya vijidudu vyote. Viko arobaini na vitatu."

"Kipi kati ya hivyo kitagandisha maziwa?"

"Hakuna. Vyote vimekufa."

Aliposhuka, Dejid alikuwa ameelekeza uso mlangoni.

"Ulipanda kumpigia nani?"

Norjmaa alipiga magoti kando ya kitanda, akasema yote: jiko, wanakondoo, paketi, Tsend, spiriti. Dejid alisikiliza hadi mwisho.

"Ya jiko najua. Pua yangu haijazeeka."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ningesema, ingefufuka?" Alipumua taratibu. "Siku aliyokuja Tsend, jua lilikuwa bado juu ya mlima. Lilibaki kama upana wa vidole viwili. Nililiona."

"Sasa kwa nini...?"

"Mtindi wake ulikuwa umeanza kusifiwa kuliko wangu, na chachu niliyompa ni ileile. Ilipomharibikia, nikasema acha akae nayo hiyo. Ningempa kijiko kimoja, leo ungerudi nacho."

Nje ng'ombe alikuwa akiita ndama wake.

"Nina njaa," Dejid alisema. "Kakamue."

"Yatakuumiza, Mama."

"Najua yatakachofanya. Yule binti alieleza vizuri."

Norjmaa akakamua, akayapasha moto hadi uvuguvugu, akayatia kwenye bakuli. Kabla ya kumpa, alileta ndoo na kuiweka karibu na kitanda.