Mkono wa Shemeji

Asubuhi ya kufunguliwa jiwe la baba yake, Maleta aliamshwa na helikopta. Alidhani wakubwa wa jeshi wamewahi, akatoka mbio, kitambaa cha kichwa mkononi. Kumbe ilikuwa ya hospitali, imekuja kumchukua mjomba wake Elimo, aliyekwenda mwambani alfajiri kutafuta kambakoche wa karamu akamkanyaga samaki mwenye sumu. Mzee alikuwa amelazwa kwenye machela, mguu umevimba kama gunia la viazi, na bado anatoa amri.

"Msimguse shemeji yangu!" alipiga kelele. "Jiwe lisifunguliwe mpaka nirudi!"

"Utarudi lini, Mjomba?"

"Muulize huyo samaki!"

Helikopta ikaruka, ikaenda zake. Maleta akabaki kwenye vumbi, akijua kwamba pamoja na mjomba imeondoka siku yenyewe.

Pale kisiwani mtu hazikwi na damu yake. Wenye damu kazi yao ni kulia. Kuosha, kuchimba na kubeba ni kazi ya mashemeji, na ni haohao wanaorudi miaka baadaye, jiwe likiisha kupatikana na kusimamishwa, wakalivua vitambaa vilivyolifunika. Mpaka siku hiyo damu haigusi kaburi, hata kung'oa jani. Jiwe likifunguliwa msiba umekwisha, na wafiwa huwashukuru mashemeji mbele ya watu kwa mikeka, nguo na nyama. Wengine wana mashemeji wa kujaza jahazi zima. Obadia, baba yake Maleta, alikuwa naye Elimo tu, kaka wa mkewe, na Maleta, mtoto wa pekee, hakuolewa hata amletee mkwe wa kushika kazi hiyo.

Kasa walikwisha kuchinjwa. Matanuri ya ardhini yalikuwa yanafuka moshi, na wageni wa visiwa vyote wamelala mpaka kwenye varanda ya shule. Maleta alikuwa amefua mashuka ya hoteli kule kisiwa cha Thursday miaka mitatu kwa ajili ya siku hii moja, na hakuwa na cha kuandalia siku nyingine. Lisipofunguliwa leo, baba angebaki amefunikwa, naye angebaki katika nguo nyeusi, pengine mpaka azikwe nazo.

Jua lilipopanda, ndege ndogo ikatua. Wakashuka wanajeshi watatu, mkubwa wao kapteni, na bendera, na nyuma yao mama mmoja wa Kizungu, mwembamba, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anautaka. Watu wakakata shauri kuwa ni mama wa kapteni. Wakampa kiti kivulini, wakampa dafu, wakamsahau.

Makaburini kukawa na shauri refu. Jiwe lilikuwa limesimama katikati, limefungwa vitambaa vya maua vyekundu na vya buluu, bendera juu yake, na hakuna mkono wa kulifungua.

"Jeshi linaweza kufungua," alisema kapteni, kijana wa adabu, jasho linamtiririka shingoni. "Tumekuja kumshukuru. Itakuwa heshima kwetu."

"Asante, mwanangu," Maleta akamjibu. "Lakini jeshi lilikuwa tajiri wake. Halikuwa shemeji yake."

"Basi nifungue mimi," alisema kasisi, "kwa jina la Mungu."

"Mungu hana shemeji," ikasema sauti ya Mzee Getano.

Watu wakaangua kicheko, na kasisi naye akacheka kwa taabu. Nani angemkemea Getano? Ndiye aliyebaki peke yake wa kikosi cha visiwani, kikosi cha Obadia, ambacho wakati wa vita karibu kila mwanamume mwenye nguvu zake alijiunga nacho, bila kusukumwa na mtu. Alikuwa amevaa koti lenye medali, na chini miguu mitupu. Sikio lake moja lilikufa kwa mizinga, na la pili lilisikia lile tu lililotaka.

Hapo yule mama wa Kizungu akainuka kitini.

"Samahanini," alisema. "Mimi si mama wa mtu yeyote. Naitwa Thelma Rudge, natoka Ballarat, mji wa bara. Ndugu yangu alianguka na ndege hapa wakati wa vita. Nimeambiwa marehemu ni mmoja wa waliomzika. Nimekuja kusema asante, basi. Najua nimechelewa. Nikishasema, nitakaa pembeni nisiwasumbue."

Safari hii sikio la Getano lilisikia. Akavua kofia.

"Rudge? Yule kijana wa nywele nyekundu?"

"Clifford," alisema mama yule. "Ulimwona?"

"Nilimwona! Mama, mimi na Obadia ndio tuliomtoa majini!" Getano akajikokota mpaka mbele yake, akamtazama uso kwa uso. "Nikwambie au usiambiwe?"

"Niambie."

"Sajini wetu, Mzungu mwenzako, wala hakuwa mtu mbaya, akasema chimbeni upesi, jua kali. Obadia akaweka koleo chini. Akasema, Sajini, huyu si mzoga wa pwani. Ana watu wake. Lazima azikwe na mashemeji. Sajini akaja juu: shemeji gani, mwendawazimu wee? Kwao ni mwisho wa dunia! Obadia akainama akafikiri. Kisha akasema, sawa, basi nampa dada yangu."

"Dada yake nani?" Maleta akadakia.

"Shangazi yako Sofia, nani mwingine? Mjane, mkali kama pilipili, na wala hakuulizwa! Akamwoza palepale mchangani, bwana harusi maiti, bibi harusi yuko kwake anakuna nazi, shahidi mimi hapa. Ndipo akashika koleo, maana sasa ni shemeji, ana haki. Akamwosha, mama. Kidole kwa kidole. Akamtoa mchanga masikioni. Anamwosha na anamsema, unajua utani wa mashemeji: ulikwenda angani kutafuta nini, shemeji, mahari umeacha wapi? Na machozi yanamtoka."

Getano akawageukia watu wote.

"Tulipomaliza akaenda kumwambia Sofia kwamba ameolewa na amefiwa siku moja. Sofia akamtukana mpaka jioni. Haki ya Mungu nilimhurumia Obadia. Lakini asubuhi, Sofia akatoka nje amevaa nyeusi. Mwaka mzima! Hakucheza ngoma, hakuonja nyama ya kasa. Na serikali ilipokuja baadaye kuhamisha mifupa kuipeleka kwenye makaburi yao makubwa, aliisindikiza mpaka majini, nguo nyeusi ileile, maji yakamfika kifuani. Kwa mtu ambaye hakuwahi hata kusikia sauti yake!"

Hata watoto waliokuwa wakikimbizana walisimama. Baba yake Maleta alipoulizwa habari za vita alizungumzia mbu na biskuti ngumu, akicheka, na binti akaamini kwamba vita yake ilikuwa hiyo. Alikaa na mtu yule nyumba moja miaka yote, akampikia, akamkata kucha alipozeeka, kumbe hakumjua ukubwa wake. Aliogopa, hasa, kama mtu anavyoogopa akiingia kanisani akakuta amefika peke yake.

"Cliff alikuwa na mke," alisema Thelma polepole.

"Alikuwa na mjane," alisema Getano. "Mjane hasa."

"Mama yangu alikufa akiamini kwamba mwanawe alifukiwa na watu waliokuwa wanapita tu." Akakaa kitini, akaziba uso kwa mkoba.

Maleta alikuwa ameanza kuhesabu ukoo kimoyomoyo, kama anavyofanya kila mtu wa visiwa vile. Akarudia tena, asije akaaibika mbele ya watu.

"Mzee wangu," alimwambia Getano. "Kama Shangazi Sofia aliolewa na kaka wa huyu mama, huyu mama ni nani kwa baba?"

Getano akafungua kinywa, lakini hakuwahi. Makaburi mazima yalijibu kwa sauti moja: "Shemeji!"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema kasisi, na safari hii alicheka kutoka moyoni.

Basi wanawake wawili wakamshika Thelma mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakampeleka mpaka kwenye jiwe. Kapteni akaiondoa bendera, akaikunja, akarudi nyuma bila kuambiwa. Wanawake wakamwelekeza Thelma: vuta taratibu, shemeji, usikimbie, hatoroki huyu. Kitambaa kikaanguka, kingine kikafuata, vyekundu, vya buluu, vya maua meupe, mpaka jiwe jeusi likatokea liking'aa, na jina la Obadia juu yake. Ngoma zikalia. Wale wanajeshi watatu walisimama wima, mikono kwenye paji la uso, na kapteni alikuwa analia waziwazi bila kujifuta. Maleta akasogea, akaweka kiganja kwenye jiwe la baba yake kwa mara ya kwanza. Lilikuwa la moto kwa jua.

Halafu akatandika mikeka miguuni pa Thelma. Akapanga sufuria, vitenge, na paja la kasa lililofungwa majani, vitu vyote alivyokuwa amemwekea mjomba Elimo.

"Jamani, hapana," alisema Thelma. "Nimekuja kushukuru mimi. Mbona nashukuriwa?"

"Pokea, shemeji," Getano akamwambia. "Ukikataa utakuwa umemfunika tena."

Akapokea. Watu walipoanza kumiminika kwenye chakula, yeye hakuinuka. Akamshika Maleta mkono.

"Na Sofia yuko wapi?"

Maleta akampeleka kwenye pembe ya makaburi, upande wa baharini, mahali palipozungushiwa mawe ya matumbawe na msalaba wa mbao ulioinama. Majani yalikuwa yamefika magotini.

"Waliomzika walikuwa watu wa mume wake wa kwanza," alisema, macho chini kwa aibu. "Walikwisha mmoja mmoja kabla jiwe halijapatikana. Hakubaki shemeji hata mmoja wa kulifungua."

Thelma akaweka mkoba chini, akavua kofia, akapiga magoti, kwanza moja, kisha la pili kwa shida, akaanza kung'oa majani.

"Jiwe huchukua muda gani, Maleta?"

"Miaka mitatu, ukifua mashuka peke yako."

"Na tukiwa wawili? Maana nina miaka sabini na nne."

Maleta alinyoosha mkono amsaidie kung'oa, halafu akaurudisha. Yeye ni damu. Akamshikia kofia, akasimama akimwangalia wifi wa Sofia akifanya kazi yake.