Nyuma Tunakata

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usipoteze muda kumtafuta mwingine. Mimi mwenyewe nilimtafuta kutwa nzima, nikamkosa.

Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani. Shule za ufundi, nyumba za watawa, karakana za washonaji: popote sindano inapovunjika ovyo au uzi unapojisokota, wananipigia simu, nami napanda treni. Mwaka wa ishirini na mbili huu. Na kwa kuwa safari ni ndefu, na mimi siwezi kunyamaza hata nikiwa na jino bovu, nilianza kuhubiri humo humo ndani. Naanzia behewa la mbele, namalizia la mwisho. Kanisa halikunituma wala kunipa cheo, ila watu wa reli wamenipa jina: Haleluya. Kuna mkaguzi wa tiketi, mama mmoja mwenye ulimi wa kunyoa bila maji, aliwahi kuniambia mbele ya abiria wote: "Wenzako wanapanda treni wafike, Haleluya. Wewe unapanda upate watu wasio na pa kukimbilia."

Nilicheka kuliko wote, kwa sababu ni kweli.

Safari ile sikuwa nafuata cherehani. Mke wangu alikuwa amelazwa katika hospitali kubwa ya mjini, kituo cha mwisho cha njia yetu, akisubiri kuondolewa uvimbe shingoni. Upasuaji ulipangwa kesho yake saa mbili asubuhi. Sasa, mke wangu ndiye sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Akiinua wimbo, hata waliokuja kanisani kusinzia hushtuka wakidhani wameitwa kwa majina. Daktari hakumficha: uvimbe utatoka, ila sauti hawezi kuiahidi, maana uvimbe umepakana mno na mishipa ya sauti.

Akanipigia simu.

"Baba, sitaki matunda wala uji. Nataka ufike leo kabla hawajafunga wodi saa kumi na mbili. Tusali pamoja nikiwa bado na sauti hii. Kesho sijui nitaamka na ipi."

"Nitafika, mama."

"Nakujua unavyofika. Safari hii uje wewe, zisije salamu zako."

Treni ilitakiwa kuingia mjini saa tisa alasiri. Nafasi tele.

Kituoni kulikuwa na tangazo jipya, limebandikwa ukutani kwa gundi ambayo haijakauka. Najua haikuwa imekauka kwa sababu niliegemea pale pale, koti likanasa. Ningegeuka nikasoma, ningejua kwamba kuanzia juma lile mabehewa matatu ya nyuma yataachwa kwenye kituo cha njia panda, yaunganishwe na injini nyingine, yaende zake kwenye machimbo ya chokaa. Sikugeuka. Nilibandua koti, nikapanda.

Kiti changu kilikuwa behewa la pili, dirishani. Nikasukuma mkoba wa vifaa chini ya kiti, koti juu yake. Mkaguzi akaja, akatoboa tiketi yangu, akanitazama.

"Leo tulia kitini, Haleluya. Una sura ya mtu anayesubiriwa."

"Nimesikia, dada. Ni mke wangu, yuko hospitali kubwa."

Na nilitulia kweli, karibu saa nzima. Lakini kukaa kimya karibu na dirisha ni kazi ngumu kwa mwenye hofu. Nguzo za simu zilikuwa zinapita, na kila nguzo ilinijia na swali lake. Akiamka bila sauti? Akiamka akajaribu kuniita, na mimi nipo hapo hapo nisisikie? Akisikitika, nitamwambia nini, mimi ninayejua kusema na wote isipokuwa yeye? Wapo ambao hofu ikiwabana hufunga mdomo. Wangu hufunguka. Nikajiambia: inuka, fanya kazi ya Mungu hapa, naye atafanya yako kule. Sikutamka hivyo, ila ndivyo nilivyopanga kichwani: nimpe watu, anipe sauti ya mke wangu. Niliiita imani. Leo nikiitazama naona ilikuwa biashara, tena ya mtu asiye na bidhaa.

Nikaanza. Behewa la tatu, la nne, la tano. Nilipofika la mwisho nilikuwa nimeshapata moto. Mule ndani mlikuwa na bibi mmoja na kikapu chake, fundi viatu na sanduku lake la nyundo, mwanajeshi aliyekuwa likizo, na wengine waliojifanya wamelala. Nikawahubiria njia mbili. Nikawaambia mtu anaweza kukaa vizuri, akala vizuri, akapiga soga vizuri, kumbe kiti alichokalia kinampeleka asikokutaka. Nasikia haya kusimulia, lakini ndiyo maneno niliyoyasema.

Bibi akainua mkono. Fundi viatu naye. Mwanajeshi akautazama wake kwanza, kama mtu anayeangalia bunduki isije ikafyatuka, halafu akauinua.

Treni ikasimama. Sikujali, treni husimama. Nikapaza sauti:

"Nani mwingine anakata shauri leo? Msitazame waliokaa mbele! Ninyi wa nyuma, mnakata au hamkati?"

Na hapo, Mungu shahidi, sauti nzito ya kiume ikajibu kutoka nje, chini ya dirisha:

"Nyuma tunakata!"

Mwili ulinisisimka. Miaka yote hiyo sijawahi kujibiwa na mtu wa nje ya treni.

"Amina!" nikapiga ukelele. "Kateni! Msingoje!"

"Tunakata!"

"Kateni sasa hivi!"

Kukasikika mlio wa hewa, fyuuu, kisha chuma kikagonga chuma, behewa zima likatikisika. Fundi viatu akashika sanduku lake. Nikawaambia, "Mmeona wenyewe? Hata behewa limeguswa."

Baadaye yule mfanyakazi wa njia panda alipoulizwa kwa nini hakupita ndani kuhakikisha abiria wamehama, alijibu kwamba aliuliza, na mtu wa ndani akamwamuru akate asingoje. Sina la kumlaumu. Katika wote waliowahi kunisikiliza, yule ndiye aliyetii haraka zaidi.

Tulipoanza kwenda tena, bibi alinivuta shati niketi karibu naye.

"Mwanangu, umesema vizuri. Na wewe unakwenda wapi?"

"Mbinguni, bibi."

"Najua. Kabla ya hapo?"

"Mjini. Hospitalini, kwa mke wangu. Kesho anapasuliwa."

Bibi akaacha kutabasamu. Akamtazama fundi viatu, fundi viatu akamtazama mwanajeshi. Ni mwanajeshi aliyesema, kwa upole wa mtu aliyezoea kupeleka habari mbaya.

"Mzee, hii haiendi mjini. Ya mjini imekatwa, imeshaondoka. Sisi tunakwenda machimboni."

Nikakimbia hadi mlango wa mbele wa behewa la tano. Palipokuwa na behewa la nne palikuwa na mgongo wa injini nisiyoijua. Mkoba wangu, koti langu na akili yangu vilikuwa vinaelekea mjini bila mimi. Simu pia, maana ilikuwa kwenye koti.

Nilirudi nikakaa. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Mwisho fundi viatu akashindwa kujizuia.

"Sasa Haleluya, hii yetu ndiyo ile njia pana au nyembamba?"

"Mwache," bibi akamkemea. Halafu akanigeukia mimi. "Mbona umenyamaza? Hubiri."

Sikuwa na kitu. Kinywa kilikuwa kikavu kama chokaa tunayoiendea. Nilijaribu kusali, nikakuta kila sala yangu inaanza kwa kuwaeleza wengine. "Ee Bwana, wape watu wako..." Watu gani? Nilikuwa nimezoea kusali nikisikika. Kwa dakika nyingi nilirudia neno moja tu, "Nifikishe," huku treni ikizidi kunipeleka mbali. Nadhani ndiyo sala ya kweli ya kwanza niliyosali mwaka ule, na jibu lake lilikuwa hapana.

Machimboni tulifika saa kumi na moja kasoro. Kituo ni chumba kimoja, mizani ya kupimia mizigo, na kila kitu cheupe kwa vumbi, hadi nyusi za mkuu wa kituo. Treni ya kurudi? Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Gari? Malori yalikuwa yameshaondoka. Akanipa simu yake. Namba ya mke wangu ndiyo pekee ninayoijua kwa kichwa.

"Uko wapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa nzima, safi, imetulia. Nikaisikia kama ninavyoisikia akianza wimbo.

Hapo ningesema. Sentensi moja ilitosha. Badala yake mhubiri akasema, "Mama, treni imeharibika njiani. Wanatengeneza. Nitachelewa kidogo."

"Haya," akasema, akakata simu.

Nililala kwenye benchi la kituo, au niseme nilijilaza. Kesho yake saa mbili, saa aliyokuwa akiingizwa chumba cha upasuaji, nilikuwa nimesimama kwenye njia panda nasubiri treni ya mjini, nimesoma matangazo yote ya ukutani, hata la kutafuta mbuzi aliyepotea.

Nilifika wodini saa tisa alasiri. Muuguzi alinipima kwa macho kutoka viatu hadi nywele, vyote vyeupe kwa chokaa.

"Ameamka. Upasuaji umekwenda vizuri. Sauti bado hatujui, inaweza kuchukua wiki, inaweza kubaki hivyo. Maneno machache sana, baba. Machache ya kwake, na machache zaidi ya kwako."

Mke wangu alikuwa amelala chali, shingo imefungwa bandeji. Pembeni ya kitanda, juu ya kabati dogo, ulikuwepo mkoba wangu wa vifaa. Koti langu limekunjwa juu yake, na alama ya gundi mgongoni.

Alifuata macho yangu. Alipozungumza, ilitoka sauti ya kukwaruza, kama mguu wa cherehani usiotiwa mafuta.

"Mkaguzi aliuleta. Jana saa kumi."

Saa kumi. Nilipokuwa nikimwambia treni imeharibika, mkoba wangu ulikuwa umeshafika, umekaa naye karibu saa nzima. Neno la mwisho nililolisikia kwa sauti yake ile lilikuwa "Haya", na alilitoa kuupokea uongo wangu.

"Nilikudanganya," nikasema. "Treni haikuharibika. Nilikuwa nahubiri, wakakata mabehewa. Nisamehe, mama."

Akafumba macho, akatikisa kichwa kidogo kukubali. Mtu mwenye akili angeishia hapo, angeshika mkono wa mke wake akanyamaza. Lakini mimi mnanijua.

"Ila sikiliza," nikasogeza kiti. "Walikata shauri watatu. Bibi mmoja, fundi viatu, na mwanajeshi, mtu mzima na bunduki zake! Huoni mkono wa Mungu hapo? Ningekaa kitini kama nilivyoambiwa, wale wangesikia kwa nani? Labda nilipelekwa kwa ajili yao. Labda hata kukosa kwangu kufika..."

Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye shuka. Nikanyamaza. Akameza mate, taratibu, kwa maumivu, akanitazama usoni.

"Mwokozi wa hao watatu si wewe," akanong'ona. "Mume wangu ndiye wewe."