Kisamvu cha Mama Arthur

Alhamisi ya kwanza ya Julai, mwaka 1954, Julia wa Chiungutwa alimaliza kuuza vyungu vyake katika gulio la Newala kabla ya saa saba, akakung'uta vumbi kwenye kanga yake, akaenda kula hotelini kwa Halfani. Hakuwa na desturi hiyo. Kwa miaka minane alikuwa akipita mbele ya mlango ule bila kugeuza shingo. Pale ndipo mumewe, Barnaba, alipokula mara ya mwisho kabla ya kupanda lori la manamba kwenda kukata mkonge pwani, na pale ndipo aliposema mbele ya watu kwamba tangu azaliwe hajala mbaazi tamu kama zile.

Maneno hayo yalifika Chiungutwa kabla ya salamu zake. Baada ya mwaka ikaja barua ya kampuni kwamba Barnaba ametoroka kazini. Mzee Silvano, baba yake, aliyaunganisha mambo hayo mawili, akapata jibu: mwanangu amempata anayejua kupika. Tangu siku hiyo Julia hakuwa mke wala mjane. Hakuruhusiwa kuolewa, hakuruhusiwa kukaa matanga, na kila alipopeleka chakula kwenye shughuli, wanawake walikionja kwanza kwa ncha ya ulimi.

Siku hiyo njaa ilizidi haya. Akaingia.

Hoteli ilikuwa na meza mbili ndefu. Ya mlangoni walikaa wachuuzi na makarani wa boma. Ya ndani walikaa wafu.

Walikuwa kumi na mmoja, wote wanaume, nyusi zimeshika vumbi jeupe la mkonge, kila mmoja na kibati cha namba shingoni. Walikula kwa hamu. Kule mashambani walikuwa wamekula unga wa posho na maharage yenye fukusi siku zote, kwa hiyo hapa kila mtu aliagiza alichokiota. Mmoja alitaka mbuzi wa mchuzi. Mwingine alitaka chapati tatu, azichovye kwenye chai. Fikirini wa Kitangari alikula maandazi tu, moja baada ya jingine, macho ameyafumba. Sahani walizimaliza kabisa. Maji tu ndiyo waliyoyakataa, maana wanawake waliyateka chini bondeni na kuyapandisha mteremko wote ule kichwani, na wafu walisema asiye na kiu asiwamalizie wenye kiu.

"Wanakuja tangu masika," Halfani alimwambia Julia, huku akimfutia benchi. "Wateja wazuri. Hawagombani."

Barnaba alikuwa mwisho wa meza, anamwaga mchuzi wa mbaazi pembezoni mwa wali, si katikati, kama alivyofanya maisha yake yote. Julia akakaa mbele yake.

"Baba Arthur."

"Mama Arthur." Barnaba alisogeza sahani kumpa nafasi. "Arthur hajambo?"

"Hajambo. Yuko darasa la tatu. Na wewe?"

"Mimi nilikufa," alisema Barnaba, kama mtu anayeeleza kuwa alichelewa kwa sababu ya mvua. "Homa, siku nne. Tulikuwa watatu. Walituzika usiku nyuma ya kamba za kuanikia mkonge. Asubuhi mnyapara akaita namba zetu, hatukuitika, karani akaandika tumetoroka."

Julia alikuwa na swali moja tu, na lilikuwa limemkaa kooni miaka minane.

"Kwa nini unakuja kula huku, usije kwako?"

"Njia ya kwetu siikumbuki. Tumerudi kwa kufuata barabara ya lori, na lori lilitupakia hapa."

"Mimi nilidhani ni zile mbaazi."

"Mbaazi?" Barnaba alifikiri. "Siku ile nilikuwa karibu kulia. Mtu akisifu chakula, wenzake wanaangalia sahani, hawamwangalii machoni." Akaonja tena kilichokuwa mbele yake. "Tena hizi, nazi imezidi. Mimi nina hamu ya kisamvu chako, kile cha karanga, unachokiacha kishike kidogo chini ya chungu."

Julia aliinuka, akapita mlango wa uani. Zena, mke wa Halfani, alikuwa anapepea moto.

"Dada Zena, naomba jiko moja."

"Chukua la kushoto. Kisamvu kimeshatwangwa na kuchemshwa. Karanga ziko kwenye ungo."

Julia alipika bila haraka. Harufu ilipofika ndani, makarani waligeuka, na wafu wakainua vichwa vyote kumi na moja kwa pamoja. Alimpakulia Barnaba kwa ugali wa muhogo. Barnaba akala akatoa jasho, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afe. Wenzake wakaomba. Fikirini aliweka chini andazi lake. Chungu kilipoisha, Halfani alilamba mwiko, akamwuliza Julia kama angeweza kuja kila Alhamisi.

Alasiri ile ile Julia alikwenda bomani kwa karani aitwaye Cuthbert, kijana aliyesoma misheni Masasi.

"Mume wangu hakutoroka. Alikufa."

"Shahidi ni nani, mama?"

"Mwenyewe. Yuko kwa Halfani."

Cuthbert alijua. Mchana alikuwa amekaa meza ya mlangoni. Alifungua jalada, akalisoma, akakuna sikio kwa kalamu.

"Pole sana, Mama Arthur. Lakini fomu hii ina nafasi tatu tu: amemaliza mkataba, amefukuzwa, ametoroka. Nami nikiandika kuwa yuko Newala, na mkataba wake ni wa pwani, nitakuwa nimethibitisha kwamba alitoroka."

"Basi usiandike."

"Mama, ilishaandikwa."

Baada ya wiki mbili alikuja askari na hati ya kumkamata Barnaba. Alimwekea mkono begani, akakuta pamepoa kama mtungi. Aliandika kwamba mtoro hakuonekana, akavua kofia, akaagiza kisamvu.

Kule Chiungutwa, Padre Stefano hakudai barua. Aliuliza tu marehemu alifariki mwezi gani, na kama sasa anakula vizuri. Kengele ikapigwa. Julia alikaa matanga siku zote zinazotakiwa, akalia kilio chake chote cha miaka minane mpaka kanga mbili zikalowa, na siku ya tatu akalala fofofo hadi jua likawa utosini. Hakuna aliyethubutu kumwamsha. Alipoamka alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Mzee Silvano alikuja kula msibani. Aliongezwa mara tatu. Mara ya tatu alishika sahani bila kula.

"Nilikukosea, mwanangu."

"Kula, baba. Kitapoa."

Akala, huku anafuta macho kwa kiwiko.

Julia akawa mpishi wa Alhamisi. Alipopata nafasi alikaa na Barnaba wakazungumza habari za Arthur, na asipoipata, Barnaba hakununa, maana mjane naye ana shughuli zake. Watu walitoka mpaka Lupaso kuja kula kisamvu kile, na wanawake wa Chiungutwa wakaacha kuonja kwa ncha ya ulimi.

Mwezi wa Oktoba wakala wa kampuni ya mkonge alileta vijana ishirini, akasema wapewe sahani moja moja kabla ya safari. Meza ya mlangoni ilikuwa imejaa. Wafu wakasogea wakabanana, na vijana wakaketi kati yao, wakashukuru. Baadhi ya wafu waliwaeleza habari za kule. Vijana walisikiliza kwa adabu. Walikuwa wameshatia vidole gumba kwenye mikataba.

Julia alipakua mwenyewe. Kila aliyempa sahani alimwuliza jina lake, kijiji chake na jina la mama yake.

Lori liliondoka saa nane. Julia alifunika chungu, akayarudia majina yote ishirini kimoyomoyo, na alipoona hakukosea hata moja, akanawa mikono, akakaa kula.