Miguu Isiyo na Bei

Mgeni aliingia bila hodi, saa mbili na robo asubuhi, wakati Mama Pacha ana misumari mitatu midogo katikati ya midomo na hawezi hata kumwuliza anamtafuta nani. Alikuwa kijana wa shati lililonyooka, kishikwambi kwapani, na mkononi bunda la vibandiko vyenye namba. Akasalimia kwa adabu. Kisha akabandika namba moja kwenye cherehani, namba mbili kwenye mashine ya kusagia soli, na namba tatu kwenye benchi ambalo Mama Pacha mwenyewe alikuwa amelikalia.

"Mimi nibandike namba nne hapa," alisema Gundi, fundi wa kubandika soli, akimwinamishia kipaji cha uso.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kijana naye akacheka, lakini kidogo.

"Wewe humo kwenye orodha yangu, kaka. Mimi ni mthamini tu. Hiki kitengo kinauzwa. Kwani hamjaambiwa?"

Hawakuwa wameambiwa. Mama Pacha alitema misumari kiganjani.

Kampuni yao ilitengeneza kandambili za plastiki, maelfu kwa siku, katika jengo refu ng'ambo ya ua. Wao walikuwa mafundi sita katika chumba kimoja, wakiwashonea viatu watu ambao miguu yao hailingani. Hospitali ziliwaleta wateja, na wateja wakarudi miaka nenda miaka rudi.

"Mwanangu," Mama Pacha alisema, "tumekosea nini? Mwaka jana msimamizi katuambia tumeleta faida."

"Hamjakosea kitu, mama. Ndiyo maana mmepata mnunuzi." Kijana aliketi ukingoni mwa benchi kama mtu aliyechoka kuulizwa swali lile kila mahali. "Kampuni imekopa ili ijenge kiwanda kipya cha kandambili. Benki inataka chake. Wenye hisa nao wanasema wakurugenzi washughulike na biashara moja, hizi ndogondogo zinawapotezea muda. Sasa ukibanwa, unauza nini? Unauza kitu ambacho mtu atakitaka."

"Kwa hiyo tungekuwa wabovu tungebaki," alisema Gundi.

"Mngefungwa."

Gundi alirudi kwenye soli zake.

Ukuta wa nyuma ulijaa rafu kutoka sakafuni hadi darini, na juu yake miguu ya mbao ya kushonea viatu, jozi mia nne na ushee. Kila jozi ilichongwa kufuata miguu ya mtu mmoja, na jina lake limeandikwa kisiginoni. Kijana alichukua mmoja, akaugeuza.

"Hizi ni za saizi gani?"

"Za wenyewe," alijibu Mama Pacha. "Huo ni wa kinyozi. Ule wenye vidole vilivyojikunja ni wa mwalimu mmoja, anapenda ngozi nyeusi. Huu hapa ni wa msoma mita za maji, anakuja leo."

Kijana alihesabu rafu kwa kidole. Kisha penye bei akaandika sifuri, na Mama Pacha akaiona.

"Sifuri?"

"Mguu unaomfaa mtu mmoja hauna soko, mama. Mnunuzi anataka majina ya wateja na mkataba wa hospitali. Viatu atavileta vimeshatengenezwa, saizi tatu."

"Na mwenye saizi ya nne?"

Kijana alijikuna sikio, akaenda kuhesabu mikasi.

Mama Pacha alirudi kwenye kazi yake. Viatu vilivyokuwa mkononi mwake ni vya huyo msoma mita, mtu wa makamo ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole vinne vya mkono. Vya zamani vilipasuka soli, na tangu hapo amekuwa akichechemea mitaani. Mkuu wake alimwambia kwamba Jumamosi asubuhi wangepita pamoja njia yote ya mita. Akionekana hawezi, kazi anapewa mwingine. "Ijumaa utatoka hapa umenyooka," Mama Pacha alikuwa amemwahidi. Ijumaa ndiyo leo.

Saa sita msimamizi alikuja na karatasi. Mnunuzi angechukua mafundi wanne tu. Gari lingeondoka saa tisa na nusu kuwapeleka ofisini kwake kutia sahihi. Atakayekosekana, nafasi yake inakwenda kwa wa tano. Jina la Mama Pacha lilikuwa la pili. La Gundi lilikuwa la tano.

Gundi alilisoma, akakunja midomo, kisha akapiga mluzi kana kwamba hajaona kitu.

Gundi ya kiatu haina haraka. Ilikauka saa tisa. Msoma mita alifika saa tisa na robo, jasho likimtoka, akavaa, akasimama.

"Tembea mpaka mlangoni," alisema Mama Pacha, akafumba macho. Viatu hivi hakuvipima kwa macho. Alisikiliza hatua kwenye saruji: moja nyepesi, moja nzito. Nyepesi, nzito. Soli ya kushoto ilizidi, labda unene wa kadi.

Nje honi ilipigwa.

"Mama Pacha, twende!" mtu aliita uani.

"Vua," alimwambia msoma mita.

"Mama, inatosha jamani. Nimetembea na tofauti mbaya kuliko hii."

"Na kesho mkuu wako atakuwa haoni? Vua, baba."

Gundi alikuwa amesimama mlangoni. "Dada, nenda. Usipokwenda wewe, naitwa mimi." "Sitaki kuipata hivi."

Mama Pacha aliwaza wanawe pacha, wote wawili shuleni, wote wanakua kwa wakati mmoja. Akatazama kiatu. Kukisaga, kukipiga msasa, kukijaribu tena: robo saa, pengine zaidi.

"Mdogo wangu, una watoto watatu," alisema. "Panda gari."

Akawasha mashine. Ilinguruma hadi honi ya pili haikusikika vizuri, wala mlango wa gari ulipofungwa. Alipoizima, ua ulikuwa kimya. Mthamini alikuwa bado kwenye kona, ameshika kishikwambi bila kuandika lolote.

"Limeondoka," alisema msoma mita kwa sauti ya chini.

"Vaa. Tembea."

Alitembea mpaka mlangoni, akarudi. Mama Pacha alifumba macho. Hatua zilimjia sawasawa, moja baada ya nyingine, mpaka akashindwa kujua ipi ni ya kushoto. Msoma mita alianza kutabasamu, kisha akainamisha uso.

"Tena," alisema Mama Pacha, ingawa kazi ilikuwa imekwisha.