Pipa Moja kwa Injini Zote

Ghalani kwa Clarrie Noske palikuwa na pipa moja tu la oili, na ole wako umwambie kuwa injini hazifanani. Trekta lilikunywa humo. Kombaini ya kuvunia ngano ilikunywa humo. Pampu ya maji ya kondoo, mashine ya mkewe ya kukatia majani, na pikapu yake kuukuu ya petroli iliyoliwa na kutu mpaka ukiwa ndani unaiona barabara, vyote vilinyonya titi hilo hilo. "Oili ni oili," Clarrie alikuwa akisema, na akishasema hivyo anakunja mikono, mjadala umekwisha.

Tusidanganyane, wakulima wa kwetu Mallee, nchi hii ya ngano na kondoo, wengi ndivyo walivyo. Duka liko mbali, pipa liko hapo hapo, na mtu akishazoea kitu tangu ujana anakiona kama kimeandikwa kwenye Biblia. Lakini Clarrie alizidi, jamani. Yeye alilipenda lile pipa.

Jirani yake, Dudley Rowett, alikuwa kinyume chake kabisa. Huyo ghala lake lina rafu, oili ya dizeli huku, ya petroli kule, na kila galoni imefutwa vumbi. Siku moja baani, watu wamejaa, Clarrie akamwita Daktari wa Watoto, akamuuliza kama pikapu zake huwa anazipaka poda baada ya kuziogesha. Baa nzima ikaangua kicheko. Dudley akaweka glasi yake chini, akasema iko siku hilo pipa litamtokea mtu puani, akatoka. Tangu hapo hawakusemezana tena.

Na kwetu kutosemezana si jambo dogo. Barabarani ukipishana na mtu, hata kama humjui, unainua kidole kimoja juu ya usukani kumsalimu. Usipoinua, umemtukana yeye na waliomzaa. Sasa hawa wawili walikuwa wakipishana kwenye ile barabara ya vumbi kila wiki, vidole vimeng'ang'ania usukani, macho mbele kama askari wa gwaride. Watu wazima, wenye wajukuu!

Aliyeumia ni Verna, mke wa Clarrie. Verna alikuwa na hamu moja maishani: kwenda kwenye majabali ya Nullarbor, huko nchi inakokatika ghafla na bahari kuanza, kuwaona nyangumi wanaokuja kuzaa wakati wa baridi. Kila mwaka alipoitaja safari hiyo, Clarrie alimjibu neno moja. Subiri. Subiri tuvune. Subiri mvua inyeshe. Subiri bei ya ngano ipande. Mwaka huu Verna hakusubiri. Alijinunulia pikapu mpya ya dizeli, akaazima karavani ya dada yake, akasema, "Jumatatu asubuhi naondoka. Uje au usije."

"Na maji ya kondoo ataangalia nani?" Clarrie akauliza.

"Muombe Dudley. Nyumba yake ndiyo ya karibu."

"Afadhali kondoo wajichimbie kisima wenyewe."

Verna akaenda kuosha vyombo, na siku ile vyombo viliosheka kwa kelele.

Ikafika Jumapili. Rafiki wa kwaya akampitia Verna, wakaenda kanisani. Clarrie akabaki peke yake uwanjani akiitazama ile pikapu inavyong'aa, na karavani pembeni yake, na roho ikaanza kumsuta. Mke wake anaenda nchi kavu isiyo na mti, peke yake, na yeye hajamfanyia lolote. Akaona amfanyie gari lake sevisi, iwe zawadi. Akaleta jeki na spana, akalala chini, akamwaga oili iliyokuwemo, akabadilisha filta kwa ile iliyokuja na gari. Kisha akaenda kwenye pipa. Akajaza kwa mapenzi yote, akaiwasha, akaizungusha uwanjani mara moja, mbwa akibweka nyuma. Injini ikanguruma vizuri tu. Ila taa ya kukumbusha sevisi ikakataa kuzima.

Akampigia simu Roz, fundi wa mjini, ambaye Jumapili yake huila mtoni akivua.

"Roz, binti yangu, hii taa ya sevisi kwenye gari la Verna inazimwaje?"

"Kwani nani kalifanyia sevisi?"

"Mimi mwenyewe."

"Mzee Clarrie, umeweka oili gani?"

"Ya dizeli. Gari si la dizeli?"

"Ya dizeli ipi?"

Clarrie akalitazama pipa. "Ya pipa," akasema.

Upande wa pili yalisikika maji tu, na mtu akiuliza kama samaki amekata mshipi.

"Naomba usiliwashe tena hilo gari," Roz akasema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa. "Nisikilize. Hizi dizeli mpya zina chujio kwenye ekzosi la kukamata masizi. Masizi linayachoma lenyewe, hayana taabu. Lakini oili yako ni ya matrekta ya zamani. Ikiungua inaacha majivu, na majivu hayachomeki. Yanajaa mle mle."

"Kwa sevisi moja tu?"

"Leo hutaona kitu. Lakini mama Verna anavuta karavani, kwenda na kurudi. Chujio likianza kuziba, injini inajipunguza nguvu yenyewe, inatambaa. Unataka atambae katikati ya Nullarbor? Na waliomuuzia wakijua ni oili hiyo, garantii ndiyo kwaheri."

"Basi niuzie inayofaa. Nakuja sasa hivi."

"Imeniisha. Mzigo unaingia Alhamisi. Huko kwenu anayo mtu mmoja tu, na filta yake anayo."

"Usinitajie."

"Dudley Rowett. Gari lake na la Verna ni pacha." Akakata simu, nadhani samaki alikuwa amerudi.

Clarrie akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini akilini akamwona Verna kando ya barabara, boneti iko wazi, upepo unampiga na simu haina mtandao. Au amwambie asubiri mpaka Alhamisi? Hilo ndilo lililomwogopesha zaidi. Neno lile lile, kwa mara nyingine, na safari hii kosa ni lake mwenyewe. Alijua akilitamka, Verna hatagomba wala hatalia. Atatikisa kichwa tu na kufungua mizigo, na kuna kitu baina yao kitakuwa kimekufa. Akainuka, akaingia kwenye pikapu kuukuu, akaikanyaga.

Hakufika mbali. Kwenye kona ya maghala ya ngano akaliona gari la Dudley linakuja. Vidole vikakakamaa kwenye usukani kwa mazoea, akavilazimisha. Akainua kimoja.

Dudley almanusura aingie kwenye uzio. Akafunga breki mpaka vumbi likawafunika wote wawili, akaruka nje.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Sasa mbona umeinua kidole?"

Clarrie akashuka. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Nataka oili, Dudley. Ya gari la Verna."

"Pipa limekauka?"

"Limejaa. Ndiyo taabu yenyewe."

Dudley akamtazama kidogo, halafu ikamwingia. We! Alicheka yule mtu. Alicheka ameshikilia boneti, akacheka ameinama, akajifuta machozi na kuanza upya. Kasuku waliokuwa wakiokota ngano barabarani wakaruka wote. Clarrie alisimama pale na masikio yamemwiva, akavumilia.

"Cheka," akasema. "Ukimaliza unisaidie. Anaondoka kesho."

"Ngoja kwanza. Unamwomba nani? Unamwomba Daktari wa Watoto?"

"Dudley, nilikukosea siku ile. Nilitaka watu wacheke, basi. Walipocheka nikaona aibu kurudi nyuma."

Kicheko kikamwisha Dudley. Akaangalia viatu vyake. "Mke wangu alisema ungekuja ndani ya wiki moja," akasema. "Nilikaa na chupa ya bia nzuri kwenye friji nikikungoja, mpaka nikainywa kwa hasira." Akapiga teke tairi la ile pikapu kuukuu. "Haya, twende tukachukue hiyo oili kabla kanisa halijatoka."

Kwa hiyo wazee wawili wakajikuta wamelala chali chini ya gari la Verna, kila mmoja akimwambia mwenzake jinsi ya kushika spana. Oili ya pipa ikashuka kwenye karai, bado safi, rangi ya asali.

"Hii siimwagi," Clarrie akasema. "Naitia kwenye yangu ya petroli."

"Itie. Kile kibibi chako kitashukuru, petroli za zamani zinapenda oili nzito yenye dawa. Ila usije ukamtilia binti yangu kwenye kigari chake kipya. Nacho ni cha petroli, lakini kinataka oili nyepesi kama chai ya hospitali."

"Zote petroli, na bado hazilingani?"

"Wewe na mimi si wote binadamu?"

"Kwa hiyo pipa langu halina kosa."

"Pipa halina kosa hata kidogo. Mwenye pipa sasa."

"Kaza hiyo nati, acha maneno."

Walikuwa wamekwisha kufunga filta nyingine na kujaza oili mpya, wamerudi chini kuangalia kama inavuja, gari la yule rafiki wa kwaya likaingia uwanjani. Mlango ukafungwa, miguu ikaja mpaka ubavuni mwao, ikasimama.

"Hizi buti mbili nazijua," ikasema sauti ya Verna. "Hizi nyingine za nani?"

"Habari za kanisani, Verna?" Dudley akaitikia kutoka chini.

Verna alikuwa ameshika mkebe wa vikeki vya chokoleti na nazi vilivyobaki kwenye chai ya kanisa. Mkebe ukamponyoka, akaudaka. Wakatoka wakijikokota, wameloa mafuta, na Dudley, Mungu ambariki, akaanza kutunga: walikuwa wakikagua tairi tu, tairi la mbele lilionekana kama...

"Muongo huyu," Clarrie akamkatiza. "Nilitia oili ya pipa kwenye gari lako, mama. Ingekukwamisha njiani. Nikaenda kumwomba Dudley, akaja tukaitoa. Sasa liko sawa."

Verna akawatazama kwa zamu. Dudley akaona afadhali achukue keki.

"Nikuulize, Clarrie," Verna akasema. "Nilikuomba oili mimi?"

"Hukuomba."

"Nilikuomba nini?"

Clarrie akaangalia mbwa. Mbwa akaangalia pembeni.

"Nilikuomba twende wote. Ningetaka mtu wa oili ningempelekea Roz gari. Nilikutaka wewe na kelele zako, ukae pale kwenye kiti unilalamikie namna ninavyoendesha. Nikamwone nyangumi halafu nimwambie nani, 'Ona'?"

Clarrie akafungua mdomo. "Kondoo..." akasema, lakini hata yeye alisikia jinsi neno lilivyotoka dhaifu.

"Kondoo nitawaangalia mimi," Dudley akasema na keki mdomoni. "Mabirika yako yote ya kuwanyweshea napita karibu nayo. Kwani kuna mtu aliniomba nikakataa?"

"Hukuombwa."

"Basi niombe."

Mallee nzima ingelipa kiingilio kumwona Clarrie Noske wakati ule. Alinyoosha mgongo. "Dudley, nakuomba uniangalizie kondoo. Naenda na mke wangu kuona nyangumi."

"Nimekubali. Ila hilo pipa nalitia kufuli mpaka urudi. Simwamini mwenyewe."

Verna akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja chenye chokoleti. Clarrie akambusu palepale penye chokoleti, mbele ya Dudley, kitu ambacho hakijawahi kuonekana uwanjani pale. Kisha akashikwa na pupa. Kesho asubuhi, jamani, na hajafunga hata soksi! Akakimbia ndani na buti zake chafu, akimsikia Verna nyuma yake akimwuliza Dudley kama atakunywa chai. Akavuta mtoto wa kabati. Mtupu. Akavuta wa pili, mtupu vilevile. Sweta lake la kijivu halipo, wala kaptura, wala miwani ya kusomea haipo pale juu. Akarudi mlangoni ametoa macho.

"Verna! Nguo zangu zote ziko wapi?"

"Ziko kwenye karavani," Verna akasema, akimwongezea Dudley keki. "Nilizipakia tangu Alhamisi."