Njumu za Malimi

Tangu Kombe la Dunia la Marekani liishe, Mabatini haikuwa tena na fundi cherehani, wala muuza nyama, wala dereva. Wote walikuwa makocha. Makame, mwenye duka la mitumba, alikuwa amefunga ungo wa televisheni juu ya bati lake, na mwezi mzima watu walijazana kwake kutazama wenzetu wa Nijeria wakishambulia. Sasa kila mtu alijua mpira unavyotakiwa kuchezwa, na kila aliyejua alijiuliza kwa nini timu ya Chuo haichezi hivyo.

Timu yenyewe ilikuwa ya chuo cha ufundi kilichopo kule mlimani, lakini Mabatini waliichukua kama shamba la urithi. Wengi wa mashabiki hao hawakuwahi kuingia darasa lolote la chuo hicho, na wala hilo halikuwazuia kusema "sisi Chuo". Msimu uliopita, sisi Chuo tulifunga mabao tisa katika mechi kumi na sita. Tisa. Timu ya wodi ya wagonjwa ingeona haya. Na msimu mpya ulikuwa umebakiza wiki moja na siku mbili.

Mwenye mdomo kuliko wote alikuwa Nestory fundi viatu. Miaka ya sabini alikuwa winga wa timu ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, mpaka goti lilipomwacha njiani. Tangu hapo hakucheza tena, akabaki kusema. Na kusema alijua, hilo tusimnyime.

"Mwalimu Bashiru hafundishi ushambuliaji," aliwaambia wateja wake, misumari ikiwa imebanwa midomoni. "Anafundisha uoga. Kijana kama Malimi, mwaka juzi kafunga mabao kumi na manne peke yake. Wewe unamchukua, unamrudisha nyuma, agawe mipira kama mhudumu wa hoteli. Sasa afunge nani? Mimi?"

"Hata wewe ungefunga, fundi," alisema Ngosha, muuza nyama wa jirani. "Huyo Bashiru mpila wake ni wa enzi za foleni ya sukari. Siku hizi soko huria, watu wanakwenda mbele, yeye anawarudisha watoto nyuma."

Nestory ndiye aliyeandika barua ya kutaka Bashiru aondolewe kwenye ukocha wa timu. Mkuu wa chuo alikwisha kuleta jibu: chuo hakina tena fungu la michezo, njumu na chakula cha mazoezi vinatoka kwenu mashabiki, kwa hiyo kocha pia chagueni wenyewe. Mkutano ukapangwa Jumamosi, kwa Makame. Ulikuwa mwaka wa vyama vingi, watu walikuwa na kiu ya kupiga kura hata kwa jambo la mlango wa choo.

Alhamisi asubuhi chuo kilimletea Nestory gunia la njumu za timu azitengeneze kabla ya ligi. Alizimwaga chini, akazipanga jozi kwa jozi. Hii ilikuwa sehemu ya kazi aliyoipenda. Beki alimjua kwa kisigino kilicholika, kipa kwa soli iliyobaki nzima. Miaka kumi na mitano ya kushika viatu vya watu ilikuwa imemfundisha kwamba mwenye kiatu anaweza kukudanganya, lakini kiatu hakiwezi.

Akafika kwenye njumu za Malimi, akakaa nazo mkononi muda mrefu.

Cha kulia kilikuwa kimekwisha. Meno yote ya chini yalikuwa yamelika pande zote mbili, soli imeanza kuachia. Cha kushoto kilikuwa kama kimetoka dukani juzi. Meno mazima, ngozi nzima, isipokuwa ncha ya mbele, ambako kilikuwa kimesagika kwa kuburuzwa. Mtu aliyevaa viatu hivi alikuwa akisimama kwa mguu mmoja, akigeuka kwa mguu mmoja, na ule mwingine akiuvuta nyuma yake. Nestory hakuhitaji kuambiwa na daktari. Jozi kama hii alikuwa nayo mwenyewe, mwaka wake wa mwisho uwanjani, alipokuwa akiwaficha viongozi wa kiwanda kwamba goti limekwisha.

Aliweka viatu chini. Akachukua vingine, akapiga msumari mmoja, akajigonga kidole. Akainuka, akakaa, akainuka tena. Mteja mmoja alikuja kuchukua sandali zake akapewa za mtu mwingine. Saa sita haijafika, Nestory alifunga kibanda na kupanda mlima kwenda chuoni.

Bashiru alikuwa mtunza stoo wa chuo; ukocha alikuwa akiufanya kwa mapenzi tu. Alikuwa akihesabu majembe, na alipomwona mgeni wake hakuonyesha kushangaa.

"Karibu fundi. Umeniletea barua yangu mkononi kabisa?"

"Mwalimu, Malimi ana goti."

Bashiru aliufunga mlango wa stoo kwanza. "Nani kakwambia?"

"Viatu vyake."

Mzee yule alikaa juu ya kasha la misumari. "Lilikwenda mwaka jana, mechi ya pili. Hospitali walisema asiguse mpira mwaka mzima."

"Na wewe unamchezesha."

"Ada, fundi. Zamani Serikali ililipa. Sasa wanasema kuchangia, na yule baba yake hana cha kuchangia. Chuo kinamsamehe kwa sababu anacheza. Nikimtoa kikosini leo, kesho anarudi kwao Magu kuchunga ng'ombe wa watu, na amebakiza miezi saba apate cheti chake cha umeme. Nikimweka mbele, mabeki watammaliza, atembee na gongo maisha yake yote. Pale nyuma anasimama, anagawa, hakuna anayemkimbiza sana. Ushambuliaji wangu ndio huo, wa miezi saba."

"Ungeniambia."

"Wewe?" Bashiru alicheka bila ubaya. "Nikikwambia wewe, mpaka sangara wa ziwani watakuwa na habari."

Neno hilo lilimuuma Nestory kwa sababu lilikuwa kweli.

"Mimi niondoeni tu," alisema Bashiru. "Sitadhurika. Ila yule mtakayemleta, mfikirieni vizuri."

Siku mbili zile Nestory hakulala vizuri wala hakula vizuri. Kila aliyepita kibandani alimpongeza kwa barua. Josephat wa Igoma, aliyesomea ukocha wiki mbili mjini Arusha na hakuacha mtu asahau, alikuwa ameshatangaza kwamba akipewa timu, Malimi atasimama mbele kabisa, na mipira yote ielekezwe kwake. Watu walimpenda tayari. Nestory alijua kwamba kila neno la Josephat lilikuwa lake mwenyewe, limezungushwa tu likarudi.

Jumamosi mchana baraza la Makame lilijaa mpaka barabarani. Wachezaji walikaa kwenye benchi la mbele, Malimi akiwa mwishoni, mguu wa kushoto ameunyoosha. "Shikamoo fundi," kijana alimwamkia Nestory alipopita, naye Nestory akaitikia marahaba bila kumtazama.

Makame alimwita asome barua. Alisoma mistari mitatu, kisha akaikunja.

"Naomba niiondoe," alisema. "Mwalimu aendelee."

Kelele zilizozuka ziliwatisha kuku wa jirani. "Sababu?" waliuliza. Nestory akasema sababu hana. Ngosha alisimama, akamtazama kama mtu anayetazama nyama iliyolala. "Fundi, umekula nini kwa Bashiru?"

Kura ikapigwa hata hivyo. Mikono ya kumwondoa Bashiru ilikuwa mingi hata Makame hakujisumbua kuihesabu. Mzee alikuja mbele, akaweka filimbi yake juu ya meza, akarudi kusimama nyuma ya watu. Josephat alikuwa ameshaanza kujitengeneza kola.

Hapo ndipo Wilhelmina, aliyekuwa akiwapikia wachezaji siku za mazoezi, alipoinua sauti. "Jamani, tusikimbilie Igoma. Mwaka mzima aliyetufundisha ushambuliaji hapa Mabatini ni nani? Si fundi viatu? Leo kachanganyikiwa kidogo, lakini tumemsikia. Apewe yeye, tuone."

Watu walicheka, kisha wakaona kwamba ni kweli, kisha wakapiga makofi. Nestory alitaka kukataa. Goti, kibanda, umri, sababu zilikuwa tele na zote za haki. Akamwona Josephat akitikisa kichwa kwa dharau, akaona ule mguu ulionyooshwa kwenye benchi, akaichukua filimbi.

"Haya, kocha," alisema Makame, akiomba utulivu kwa mikono miwili. "Tuambie, tulale na furaha. Jumamosi ijayo Malimi anacheza wapi?"

Malimi aliinua macho, na Nestory akaona hofu iliyokuwamo, hofu ya mtu anayengoja kusikia kama atabaki au atarudi kuchunga. Sentensi moja tu ingetosha. Angewaambia, na wote wangemwelewa, wangemwomba Bashiru radhi, wangesema kumbe fundi ana akili. Na Jumatatu chuo kingejua.

"Nyuma," alisema Nestory. "Pale pale alipokuwa."

Walidhani anatania. Walipoona hatanii, wakataka awaeleze. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, linamchoma. Akalimeza, mtu ambaye hakuwahi kumeza neno maishani, akasimama pale na filimbi mkononi huku Mabatini yote, kuanzia kwa Ngosha, ikimzomea.