Mama Mashini Apelekwa Kakiika

Uongo wa Annonciata haukuanzia mdomoni mwake. Tuseme ukweli, na wale wanaomsema vibaya wanyamaze kidogo: ulianzia kwenye kalamu ya karani.

Ilikuwa Kabazana, miaka minane iliyopita, pale wanapopokelewa wakimbizi wapya. Annonciata alikuwa amesimama kwenye foleni tangu asubuhi, siku ya pili hajatia kitu tumboni. Karani, Mganda mwenye Kiswahili cha kuokoteza, akamuuliza kwao alikuwa akifanya kazi gani.

"Mashini," alijibu. "Nilikuwaka naendesha mashini na miguu."

Kwa watu wa Walungu, kule Kongo alikotoka, mashini ni cherehani, na hakuna mtoto wa kule asiyejua hilo. Karani akainua macho. "Mashini kubwa?" Ilikuwa kubwa kweli, ya meza, ya kushonea hata maturubai. "Kubwa," akasema. Karani akaandika kwamba huyu mama ni dereva wa mitambo, akagonga muhuri, akamwita mwingine.

Alikuja kusomewa karatasi ile mwezi mzima baadaye. Angeweza kurudi kusahihisha. Hakurudi. Cherehani yake aliiacha akikimbia, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano, na kila alichokuwa nacho kilibaki huko. Hapa alikuwa amepewa kitu, japo kwa makosa. Wenzake wa kambi ya Nakivale wakaanza kumwita Mama Mashini, tena kwa heshima, naye akaanza kusimulia: machimbo ya dhahabu, tope jekundu, jinsi alivyosukuma mikono ya chuma ya kuongozea mashine. Aliisimulia mno hadithi hiyo mpaka ikamfuata usingizini. Humo ndotoni alikuwa juu ya mashine ya njano, akitembea nayo taratibu juu ya maji ya ziwa, na maji hayamzamishi. Akiamka, anasikia harufu ya oili mikononi. Nyinyi chekeni tu. Kuna siku hata yeye mwenyewe aliamini.

Basi siku ikafika. Kikundi chao cha kupakia mchanga kilikuwa na watu kumi na wawili, tisa kati yao wanawake, na kwa miaka minne walikuwa wakijinyima ili siku moja waachane na mabeleshi. Walichotamani ni ile mashine fupi ya magurudumu manne, dereva anakaa ndani ya tundu la vyuma, mbele kuna ndoo pana inayochota mchanga na kuumwaga juu ya lori. Haina usukani, ina mikono miwili tu ya kushika, ambayo Wakongomani wanaiita manete. Kulikuwa na moja iliyokwisha kutumika, inauzwa Kakiika, kule Mbarara. Nani akaipime? Wala watu hawakushauriana.

"Tuko na Mama Mashini, tunaogopa nini?" alisema Gervais, mwenyekiti wao, mtu wa Fizi ambaye beleshi lilikuwa limemkunja mgongo, akawa anatembea kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Nabintu, mdogo kuliko wote, aliyekuwa akipakia mchanga na mtoto mgongoni, alimshika Annonciata mikono yote miwili na kuirusharusha kwa furaha. Annonciata akacheka pamoja nao. Moyoni alikuwa amekwisha.

Waliondoka alfajiri, yeye na Gervais, wamedandia pikapu ya maziwa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya vilima vyote, pembe za ng'ombe zinachomoza ndani yake, ng'ombe wenyewe hawaonekani. Mitungi ya maziwa iligongana kwa sauti ndogo ndogo, na Annonciata akawa haelewi kama amelala au yuko macho. Aliona mashine ya njano ikiwatangulia barabarani, bila dereva, ikigeuka pole pole kila kwenye kona na kuwasubiri. Gervais alikuwa anazungumza tangu walipoondoka: watanunua, watapakia malori kumi kwa siku, yeye atajinyoosha mgongo. "Utanifundisha na miye kidogo, Mama Mashini?" aliuliza. "Nitakufundisha," akajibu, na huo sasa ulikuwa uongo wa mdomoni, si wa kalamu.

Kakiika waliwakuta askari wa kambi ya jeshi ya pale wakikimbia mbio za asubuhi, wanaimba, buti zinapiga lami kwa pamoja. Mwenye mashine alikuwa mzee Ahimbisibwe, sajenti mstaafu, nyumba yake imezungukwa na migomba. Mkewe, Kobusingye, aliwapokea kwa bushera, uji baridi wa mtama, kikombe kimoja kimoja, akawauliza habari za Nakivale kana kwamba ni jirani tu.

"Dereva ni wewe, nyabo?" Ahimbisibwe alimtazama Annonciata kuanzia kandambili hadi kitambaa cha kichwani. "Mwanamuke? Banange! Sawa. Mashini yangu iko sawa kabisa. Mimi nanunua na pensheni, mimi natunza kama ng'ombe."

Mashine ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya majani ya migomba, na umande ulikuwa unailowesha. Njano. Wewe acha tu. Annonciata akaitambua: ilikuwa ileile ya ndotoni, mpaka mkwaruzo wa pembeni. Miaka yote ile hakuwahi kuisogelea mashine ya namna hii hatua kumi, na sasa kiganja chake kilikuwa juu ya chuma chake cha baridi. Aliipenda. Aliitaka kuliko alivyotaka kurudi nyumbani, na jambo hilo lilimtisha.

Mzee akaiwasha. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikatulia. Akainua mikono miwili mikubwa ya mashine iliyobeba ndoo, ndoo ikapanda juu, akazima. Ndoo ikabaki pale pale angani, haitikisiki.

"Munaona?" akasema.

"Iko muzuri!" Gervais alipiga makofi. "Mama Mashini, si iko muzuri?"

Annonciata alikuwa ameinama anaangalia ndani ya lile tundu la dereva. Kulikuwa na saa ya kuhesabia kazi, na namba zake zilikuwa ndogo. Kwa mujibu wa saa ile, mashine ilikuwa bado kijana. Lakini chini kulikuwa na pedali mbili za chuma, na pedali anazijua. Pedali ya cherehani yake ilikuwa imelika pale kidole gumba kinapokaa, ikabaki na shimo laini, na shimo lile lilichukua miaka ishirini ya mguu wake. Hizi zilikuwa zimelika hivyo hivyo. Akazipapasa. Saa inabadilishwa na fundi yeyote; pedali hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

"Tuiache itumike kwanza," alisema taratibu. "Ishike moto. Mashini ya asubui inadanganya."

Na hapo alikuwa anasema anachokijua. Cherehani ikiwa baridi inashona vizuri, mshono umenyooka. Ikifika saa sita, chuma kimepata moto na oili imekuwa nyepesi kama maji, ndipo inaanza kuruka nyuzi na kukuonyesha ugonjwa wake wote. Mzee Ahimbisibwe alikunja uso, lakini mteja ni mteja. Uani kulikuwa na lundo la murramu, ule udongo mwekundu wa barabara. Akaanza kulihamisha.

Alilihamisha kutoka huku kwenda kule, halafu kutoka kule kuja huku. Vumbi jekundu likapanda, likashika majani ya migomba. Jua lilikuwa kali, mashine ilizunguka na kuzunguka, na Annonciata, ameketi kwenye kigoda cha Kobusingye, akaanza kupoteza mahali alipo. Mara ni Kakiika, mara ni barazani kwake Walungu, miguu yake inapiga pedali, kitambaa kinatembea, kinatembea, kinamwagika chini kama mto na kuelekea ziwani. Ngurumo ya mashine na mlio wa cherehani vilikuwa kitu kimoja. Alitamani sana pasitokee mtu wa kumwamsha. Humo ndani hakukuwa na uongo wowote, mashini ilikuwa mashini.

Saa nane mchana mzee akanyamazisha injini kwa muda. Annonciata akasimama. Alivuta uzi mrefu kwenye pindo la kitenge chake, akang'oa kifungo cha blauzi, akakifunga kwenye ncha moja. Ncha ya pili akaifunga kwenye mdomo wa ndoo.

"Inua mpaka hapa," akasema, akionyesha usawa wa kichwa chake. "Sasa zima."

Kifungo kilining'inia juu ya udongo, umbali wa kidole kimoja. Hapakuwa na upepo. Wote wanne wakakitazama. Kobusingye alikuja na sahani mkononi akasahau kuiweka chini. Kifungo kikashuka, pole pole, bila mtu kukiona kinashuka. Kikagusa udongo. Kikalala ubavu. Kisha uzi ukaanza kujikunja juu yake.

"Haishike," alisema Annonciata. "Ikipata moto, mikono inashuka yenyewe. Mafuta inapita fasi haifai kupita. Leo inashuka polepole. Siku ingine itaanguka mara moja."

"Uzi!" Ahimbisibwe alipandisha sauti. "Mimi nauza mashini, huyu naleta uzi! Nyabo, wewe ni dereva. Ingia, endesha. Wewe mwenyewe utaona."

"Ndiyo, ingia," alisema Gervais, na uso wake ulikuwa unaomba. "Ingia, Mama Mashini. Labda ni kitu kidogo tu."

Annonciata alishika lile tundu la vyuma. Kiti kilikuwa pale, na manete mbili, karibu kabisa. Neno moja tu lilitosha. Angesema ni kitu kidogo, wangenunua, wangeimba njia nzima mpaka Nakivale, na yeye angekufa siku yake akiitwa Mama Mashini. Akamfikiria Nabintu, anavyosimama mbele ya lori, pale pale ndoo itakapopita juu, na mtoto mgongoni.

"Sijue kuendesha," alisema.

"Unasema nini?"

"Sijaendeshaka hata siku moja, Papa Gervais. Ile mashini niliandikishaka Kabazana ilikuwa ya kushona manguo. Karani alisikia vibaya na miye nikanyamaza. Mambo ya dhahabu, ya matope, yote nilijitungia. Minaomba musamaha."

Loo! Mzee Ahimbisibwe alicheka mpaka akashika kiuno. Fundi wa nguo! Wameniletea fundi wa nguo! Gervais hakucheka. Alimgeukia yule mama.

"Miaka nane," alisema. "Ulikula na sisi miaka nane."

"Ndiyo."

"Basi hujue kitu. Uzi ni mambo ya manguo." Akamgeukia mzee, na ilikuwa wazi kwamba ni mgongo wake unaosema, ni zile asubuhi zote za beleshi. "Mzee, bishara ni bishara. Tunaichukua."

Annonciata hakubishana. Angebishana kwa lipi, mtu aliyekwisha kujivua nguo mwenyewe? Alikunja kitenge chake katikati ya magoti, akaingia chini ya ile ndoo, akakaa chini.

Ndoo ilikuwa juu yake, pana, imeziba jua. Ndani ya kivuli kile kulikuwa na ubaridi wa ajabu, na sauti za uani zilimfikia kwa mbali. Uzi ulimgusa begani. Msidhani alikuwa shujaa; alikuwa anasali Salamu Maria bila kufikisha mwisho.

"Unafanya nini?" aliuliza Gervais.

"Nakaa."

"Toka uko."

"Kwa nini? Si iko muzuri? Banamama batakuwa banasimama fasi hii kila siku. Na miye nitakaa kidogo, wakati munaandikishana."

Gervais alimtazama Ahimbisibwe, akingoja aseme kwamba hakuna neno, mwache akae. Mzee alikuwa ameacha kucheka. Alitazama ndoo, akatazama udongo, akajifuta jasho shingoni. Hakusema. Mkewe alimwita kwa Kinyankole, neno moja kali, na bado hakusema. Mahali fulani ndani ya mashine kitu kililia, kwi, kidogo tu, na tone la oili la moto likaanguka kwenye goti la Annonciata.

"Toka!" Gervais alipiga kelele. "Annonciata, toka! Toka!"

Hakungoja atoke. Mtu ambaye mgongo haukuwa umemruhusu kupiga magoti tangu mwaka juzi alijitupa chini kwa magoti, akamkamata mkono juu ya kiwiko, akamburuta nje mpaka kwenye jua, na wote wawili wakabaki wameketi kwenye vumbi, wanahema. Ndoo ilikuwa bado iko juu. Ilikuwa imeshuka kiasi cha kiganja, basi.

Gervais ndiye aliyesimama kwanza. "Mzee, asante kwa siku yako," alisema. "Hatuichukui." Ahimbisibwe akaitikia kwa kichwa. Kobusingye akaweka sahani chini.

Walitoka getini bila kunawa. Gervais alikuwa amekasirika kwelikweli, na alimwambia.

"Ulitudanganya."

"Ndiyo."

"Utabaambia benzetu weye mwenyewe. Miye sitakusemea."

"Nitabaambia."

Wakashika njia ya kuelekea barabara kuu, polepole, kwa sababu ya mgongo wa Gervais. Mkono wa Annonciata alikuwa bado ameushika juu ya kiwiko, anaubana mpaka unauma, na hakuuachia.